Gari likikwaruza ukikata kona: tafuta mchanga kabla ya kununua spea

Wateja wengi wanaoniletea gari linalokwaruza kwenye kona hapa Malindi huwa wameshaambiwa na mtu kuwa ni sivi jointi, kile kiungo cha mwisho wa shafti kinachozungusha gurudumu la mbele. Wengine wameshainunua kabisa, imo kwenye boksi lake kiti cha nyuma. Ninawaomba waiweke kwanza. Chumvi ya bahari hapa kwetu inakula mabati ya chini ya gari, na ukiacha lami kidogo tu unaingia kwenye mchanga na kokoto za matumbawe. Kwa hiyo sababu ya bei rahisi ndiyo ya kutafuta mwanzo, na mara nyingi ndiyo yenyewe.

Anza kwa kusikiliza. Zima redio na feni, shusha vioo vyote, tafuta mahali peupe pasipo watu. Gari likiwa limesimama na injini inawaka, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Halafu endesha polepole kwa duara, usukani ukiwa umekatwa, ukikanyaga mafuta kidogo. Mwisho nenda barabara ya lami iliyonyooka, uongeze mwendo, uyumbishe gari taratibu huku na huku pakiwa hapana gari jingine. Hakikisha unajua sauti inatoka wakati gani kati ya hizo tatu kabla ya kushika spana.

Ikiwa ni mkwaruzo wa chuma juu ya chuma, unaokuja na kupotea ukikata kona ya polepole, angalia breki kwanza. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la duara la kuzuia vumbi. Kutu ikililegeza, au jiwe likiingia katikati, linasugua diski, na ukikata kona, uzito unapohamia upande mmoja, linagusa zaidi.

Mwalimu mmoja wa Ganda aliniletea Probox yake ikilia hivyo.
"Fundi, nimeambiwa ni reki ya usukani."
"Reki, ule mtambo unaogeuza magurudumu ukizungusha usukani, tutaiangalia mwisho, mwalimu. Kwanza tufungue tairi."
Diski ya kushoto ilikuwa na mstari mmoja unaong'aa kama fedha, umechongwa mviringo upande wa ndani. Nikamulika tochi nyuma yake: kijiwe cheupe cha tumbawe kimekwama kati ya diski na bati, kimeshalika upande mmoja. Nilikisukuma kwa bisibisi, nikalivuta bati nyuma kwa koleo mpaka nafasi ikaonekana pande zote, nikazungusha diski kwa mkono. Kimya. Reki haikuguswa.

Ukifungua tairi wewe mwenyewe, usiweke jeki juu ya mchanga mtupu. Tandika ubao mpana chini yake, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, weka stendi, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Ukiwa hapo, pima pedi za breki. Ikibaki chini ya milimita 3, badilisha za pande zote mbili kwa pamoja. Ikiwa zimeisha mpaka chuma, diski nayo itakuwa imechimbika, nayo itataka kuchongwa au kubadilishwa.

Sivi jointi ina sauti yake. Ni ka-ka-ka-ka kwenye duara la polepole, na inaenda haraka kadiri unavyokanyaga mafuta. Chungulia nyuma ya gurudumu. Raba yake ikiwa imepasuka, utaona grisi nyeusi imerukia ndani ya rimu. Raba imepasuka lakini sauti bado haijaanza? Una bahati: toa, safisha kabisa, tia grisi yake nyeusi inayouzwa pamoja na raba (si ile ya beringi), funga raba mpya. Sauti ikishaanza, mchanga umeshakwaruza gololi, na grisi haitaurudisha ule ulaini. Nunua jointi au shafti nzima. Nati kubwa ya katikati ilegeze gari likiwa bado chini, mwenzako akikanyaga breki, na ukimaliza weka nati mpya.

Ngurumo inayopanda na mwendo, ukiwa kwenye lami ya kwenda Gede tuseme, ni ya beringi. Ukiyumbisha gari kushoto, uzito unalalia magurudumu ya kulia. Ngurumo ikizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise, kisha lizungushe huku mkono mwingine umeshika springi ya shoki. Beringi mbovu utaihisi ikitetemeka kwenye springi kabla hujaisikia. Kuibadilisha kwenye gari nyingi kunataka presi, mashine ya kugandamiza, kwa hiyo hiyo kazi ipeleke gereji. Kuipigapiga kwa nyundo ni kuiharibu kabla haijatembea.

Sauti ikitoka gari limesimama, ni habari nyingine. Mlio wa kuguna ni pampu ya usukani: angalia oili. Ikiwa imepungua, tafuta inapovuja, na uongeze ile iliyoandikwa kwenye kifuniko tu. Ikiwa na povu, pampu inavuta hewa. Probox na Vitz nyingi usukani wake ni wa umeme, kwa hiyo usihangaike kutafuta oili hiyo. Springi ikiruka na kulia "kwang", ni mauntingi ya shoki, kile kishikizo chake cha juu. Na ukiona raba ya ndani ya fenda imesuguliwa ikang'aa, tairi ulizofunga ni kubwa kupita kiasi.

Wanaoegesha karibu na ufuo, na wanaokwenda Gongoni na Marereni kwenye chumvi, nawasihi waoshe chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kila wanapopata nafasi, si maji ya kisima chenye chumvi. Mabati yatadumu sana.

Ukimaliza kufunga, kaza nati za tairi kwa kupishanisha, moja kisha ile inayoikabili, gari likiwa chini. Rudia ile safari ya majaribio, hatua zote tatu, kisha ukitembea kama kilomita 50 uzikaze tena.