Jinsi ya Kupata Kikomo Thabiti cha Kasi ya Prosesa ya Bei Nafuu

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, hakikisha kwamba prosesa yako inakubali kuongezwa kasi, kwa sababu kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa katika maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi baada ya kutumika maofisini ng'ambo, kama vile Dell OptiPlex na HP EliteDesk, hazina nafasi hiyo hata kidogo, na hakuna programu itakayozifungua. Kwa upande wa Intel, mojawapo ya kampuni mbili kubwa za prosesa, kwa kawaida utahitaji prosesa yenye herufi K mwishoni mwa jina lake pamoja na ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) wenye chipseti, yaani chipu inayounganisha prosesa na vifaa vingine, ya daraja la Z, na viwili hivyo si vitu vya bei nafuu. AMD, mshindani wake, imekuwa karimu zaidi. Ndiyo maana mfano wa mwongozo huu ni prosesa yake ya Ryzen 3 1200 ya mwaka 2017, yenye viini vinne, kasi ya msingi ya gigahetsi 3.1 na kilele cha 3.4. Hata hivyo, ubao mama wake sharti uwe na chipseti kama B350 au B450. Ule wa A320 hautakuruhusu kubadilisha kasi ya prosesa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15. Feni ikizunguka kwa kasi ileile, hewa inayopita kwenye kipoza joto huondoa joto pungufu. Baridi ya jiji letu hufidia sehemu ya upungufu huo, hasa mwezi wa Julai, lakini haitoshi kukufanya unakili takwimu za mtu anayeishi kwingine. Kikomo unachokitafuta ni cha prosesa yako, katika kasha lako, ndani ya chumba chako, na hata prosesa mbili za jina moja huwa hazifanani.

Anza kwa kuhifadhi nakala ya kazi zako kwenye diski ya nje, kwa maana prosesa isiyo thabiti inaweza kuharibu mafaili kimyakimya bila kompyuta kuzima. Ondoa vumbi, badilisha grisi ya joto ikiwa imekauka, na ujue mahali pa kuifuta mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) kwenye ubao mama iwapo mashine itakataa kuwaka. Ukiamua kusasisha BIOS, fanya hivyo kompyuta ikiwa kwenye UPS, yaani betri ya akiba, kwani umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo ubao mama unaweza kuwa haufai tena. Kisha pima hali ya kawaida: fungua programu ya HWiNFO usome joto na volti, endesha Cinebench, inayopima uwezo wa prosesa, uandike alama zake, na umalizie kwa nusu saa ya Prime95, inayoilemea prosesa kwa hesabu nzito. Ikiwa joto limefika nyuzi 80 kabla hujaongeza chochote, tatizo lako la kwanza ni kipoza joto, nalo lishughulikiwe kwanza.

Sasa ingia kwenye BIOS, urudishe kumbukumbu, yaani RAM, kwenye kasi yake ya kawaida ili isikuchanganye, kisha uweke volti ya prosesa wewe mwenyewe, kwa mfano 1.25. Usiiachie BIOS ijichagulie, kwa kuwa mara nyingi huweka volti nyingi kuliko inavyohitajika. Weka kasi ya gigahetsi 3.5 kwa viini vyote, washa, endesha Cinebench mara kadhaa na Prime95 kwa dakika ishirini hivi. Ikipita, ongeza megahetsi 50, na ukikaribia kikomo uongeze kwa 25. Pupa haina faida hapa, kwa sababu ukiruka hatua tatu kwa mpigo hutajua ni ipi iliyoangusha mashine.

Itakapoanguka, utakuwa na njia mbili: kurudi nyuma, au kuongeza volti kidogo, kama 0.025. Uamuzi huu ndio moyo wa kazi yote. Joto linalozalishwa huongezeka sambamba na kasi, lakini kwa volti huongezeka kwa kipeo cha pili, yaani kwa volti ikizidishwa kwa yenyewe. Ukitoka gigahetsi 3.4 kwa volti 1.20 hadi gigahetsi 3.8 kwa volti 1.35, umepata kasi ya asilimia 12 tu, ilhali joto linalozalishwa limepanda kwa takriban asilimia 41. Kwa matumizi ya kila siku na feni iliyokuja na prosesa, ningeishia kwenye volti 1.35 na nyuzi 80, ingawa AMD imeiwekea prosesa hii ukomo wa nyuzi 95. Volti inapodai kupanda sana kwa ajili ya megahetsi 25, ukuta umeshafikiwa.

Dalili za kuvuka kikomo si skrini ya buluu ya Windows peke yake. Katika Prime95 utaona madirisha manne, moja kwa kila kiini. Moja likisimama na ujumbe wa kosa la hesabu huku mengine matatu yakiendelea, jaribio limeshindwa, hata kama kompyuta yenyewe inaonekana nzima. Kompyuta ikijizima na kuwaka upya, usikimbilie kulaumu prosesa kabla ya kuuliza kama umeme uliyumba nyumbani. Kumbukumbu za matukio za Windows zitaandika Kernel-Power namba 41, yaani taarifa kwamba kompyuta ilizimika ghafla, katika hali zote mbili, hivyo haitakusaidia kutofautisha. Kinachosaidia ni maandishi ya WHEA-Logger katika kumbukumbu hizohizo, ambayo hutokana na makosa ya vifaa vyenyewe: yakionekana, punguza kasi hata kama hakuna kilichoganda.

Angalia pia volti wakati prosesa imelemewa. Ulichoandika kwenye BIOS kinaweza kuwa 1.30, lakini kipimo cha SVI2 TFN katika HWiNFO, yaani volti inayoifikia prosesa, kikaonyesha pungufu, na hiyo ya kipimo ndiyo inayotumiwa na prosesa kweli. Ukishaijua kasi ya juu iliyopita majaribio mafupi, shuka megahetsi 50, uiache Prime95 ifanye kazi usiku kucha, kisha uitumie mashine kwa shughuli nyepesi na kuilaza na kuiamsha, kwa kuwa baadhi ya mipangilio hustahimili mzigo mzito na kuanguka kompyuta ikiwa imetulia. Hapo ndipo urudishe kasi ya juu ya kumbukumbu na kuijaribu kwa MemTest86, ukifuatisha tena Prime95. Ikiwa ulifanya yote haya katika baridi ya Julai, rudia jaribio hilo refu la Prime95 mwezi wa Februari, safari hii mchana madirisha ya chumba yakiwa yamefungwa, na ukiona nyuzi 80 zimepitwa, punguza volti na kasi kwa pamoja hadi joto lirudi chini yake.