Unaenda kuwahadithia watoto wa skuli safari ya barafuni? Soma hii kwanza

Vijana wetu wanaofanya kazi kwenye meli za watalii siku hizi wanafika mpaka Svalbard, visiwa vya barafu kaskazini ya Norway, na Antaktika kule ncha ya kusini, na wakirudi likizo Pemba skuli zinawaita wakazungumze na watoto. Vizuri sana, lakini jiandae.

Onana na mwalimu mkuu mapema. Picha zichapishe kabisa, umeme Pemba unaujua. Dubu mweupe yuko kaskazini, pengwini kusini, ukiwachanganya kuna mtoto atakusahihisha mbele ya wenziwe. Namba usizimwage, moja inatosha: kituo cha Vostok kule Antaktika mwaka 1983 kilipima nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Sasa mtoto wa Wete hata hiyo sifuri haijui ikoje, kwa hiyo pitia dikoni uchukue bonge la barafu la samaki, lioshe, litie kwenye beseni la maji ya bahari. Wataona linaelea na sehemu kubwa imezama, na milima ya barafu iko vivyo hivyo, kama tisa ya kumi iko chini. Koti zito lishike mwenyewe, wataligombania mpaka zipu ing'oke.

Halafu kuna suala la saumu, hapa usifanye mchezo. Kijana mmoja aliitwa skuli moja huku kwetu, kazungumza vizuri, kafika pale pa jua lisilozama, kwamba Tromsø kule Norway kuanzia karibu tarehe 20 Mei mpaka wiki za mwisho za Julai hakuna magharibi. Kitoto cha nyuma kikanyoosha mkono, "Sasa Ramadhani wanafuturu saa ngapi?" Jamaa akacheka, akasema kule hakuna mambo hayo. Jioni watoto wakamfikishia ustadhi wa madrasa, baada ya isha habari iko barazani na imeshanona, eti fulani karitadi huko melini, asubuhi mama yake anaulizwa sokoni! Na jibu lilikuwepo, jepesi tu: Waislamu Tromsø wapo, msikiti wanao, na jua lisipozama wengi wao hufuata saa za Makka. Kaa na ustadhi kabla hujaenda, swali la sala nalo litakuja.

La choo pia wataliuliza. Waambie kweli, ukishuka nchi kavu Antaktika unajibana mpaka urudi melini. Mshahara usiutaje, na usimuahidi mtoto yeyote kumpeleka, maana atakufuata mpaka nyumbani kuuliza lini.