Umeambiwa mwani unatibu MS? Fanya hivi kabla hujanunua

Mdogo wangu ana MS, yaani multipo sklerosisi, mwaka wa nne huu, na toka ndugu wajue haipiti wiki hajatumiwa tangazo WhatsApp, leo unga wa mwani kesho vidonge vya spirulina, ule unga wa kijani-bluu nao unaoitwa mwani. Wote wanamtakia mema najua, ila mtu akishachoka na ganzi na uchovu anaweza kukubali chochote, ndo maana nilikaa nikajifunza namna ya kuyapima haya mambo. Nawapa na nyie.

Anza na ugonjwa wenyewe. Kwenye MS kinga ya mwili inageuka inashambulia mayelini, ule utando unaofunika neva kama plastiki inavyofunika waya wa umeme, waya ukichunika ndo unapata ganzi, jicho linafifia, miguu inakosa nguvu. Sasa ukisoma tangazo limeandika "inaongeza kinga" hapo hapo simama, manake hiyo kinga ndo inayomtesa. Spirulina inasifiwa sana kwa hilo, na maabara imeonekana kuamsha seli za kinga, kwa hiyo kwa mtu mwenye MS sio kitu cha kujinywea tu.

Halafu uliza kemikali inaitwaje. "Mwani" sio jina la dawa jamani, kuna mwekundu, wa kahawia, wa kijani, na kila mmoja una vitu vyake. Mwani wa kina mama wa Paje na Jambiani unaolimwa kibiashara Zanzibar toka 1989 unatafutwa duniani kwa ajili ya karajinani, ile ya kugandisha aiskrimu na dawa ya meno, hiyo sio dawa ya MS. Wanasayansi wanachunguza kitu kimoja kimoja, na mfano ninaoupenda ni homotaurini. Iligunduliwa kwenye aina fulani za mwani mwekundu ila siku hizi inatengenezwa kiwandani, kwa hiyo hata kula gunia zima la mwani hujui umepata kiasi gani au kama umepata kabisa. Inashika vipokezi vya GABA, kemikali ya mwili inayotuliza neva, na seli za kinga nazo zinavyo vipokezi hivyo, ndo wazo la kuijaribu kwa MS lilipotoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwapa panya wenye ugonjwa unaofanana na MS wakaona ugonjwa unatulia hata ukiwa umeshaanza.

Hapo kwenye neno panya ndo pa kukaa sana. Ule ugonjwa wa panya unaitwa EAE na unatengenezwa makusudi maabara, sio MS yenyewe. Kuna dawa iliitwa lenerseti, ya kuzuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, na kuzuia TNF kulisaidia panya vizuri tu, ila walipowapa wagonjwa wa MS 168, wengine dawa wengine dawa bandia, waliopata dawa walizidiwa mara nyingi zaidi, matokeo yakatoka 1999. Na homotaurini hiyo hiyo ilishajaribiwa kwa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, zaidi ya watu 1,000 Marekani na Kanada, 2007 ikaonekana haijafikia lengo. Faida moja ilibaki, tunajua binadamu wanaweza kuimeza muda mrefu bila shida kubwa. Kwa hiyo ukiletewa habari yoyote uliza: panya au watu? wangapi? dozi gani? walilinganishwa na nani? Muuzaji akishindwa kujibu hata moja weka hela yako mfukoni.

Sisemi matumaini hakuna, yapo na mimi ninayo. Fingolimodi, kidonge cha kwanza cha kumeza cha kupunguza mashambulizi ya MS kupitishwa Marekani, 2010, asili yake ni kemikali ya kuvu anayeota kwa wadudu, ila waliichonga upya wakaipima kwa maelfu ya watu na leo ni miligramu 0.5 tu kwa siku. Na mwani unaweza kupita njia hiyo hiyo, ila upite kweli.

Kama bado mnataka kutumia mwani kama chakula, angalieni iodini. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 hivi kwa siku na gramu moja ya kelp kavu, ule mwani mkubwa wa kahawia, inaweza kuwa na zaidi ya mara kumi ya hapo, tezi ya shingo ikivurugika unapata uchovu na udhaifu ukadhani MS imeamka. Hijiki, ule mwani mweusi wa Kijapani, acheni kabisa, una aseniki ambayo ni sumu, Uingereza wanawaambia watu wao wasile. Na msitegemee spirulina kwa vitamini B12, iliyomo nyingi ni ya uongo mwili hauitumii, na upungufu wa B12 wenyewe unaleta ganzi za miguu kama za MS.

La mwisho naliomba kwa moyo wote, usimwachishe mgonjwa vidonge vyake ili "mwani ufanye kazi". Fingolimodi ukiikata ghafla ugonjwa unaweza kurudi mkali kuliko ulivyokuwa kabla hajaianza, Marekani walitoa tahadhari hiyo 2018. Sisi tunafanya hivi: kopo lolote tukiletewa tunalipiga picha mbele na nyuma, tunaandika kwenye daftari tarehe, aliyelileta na anachosema linatibu, halifunguliwi, siku ya kliniki tunamwonyesha daktari wa neva picha pamoja na orodha ya dawa zote za mgonjwa. Mara mbili ametuambia hapana na mara moja akasema subirini kwanza tupime tezi.