Somo: Kupaka rangi kwa selotepu na miwani ya polaraizi

Wadau, kila nikiweka picha za wanangu naulizwa ni rangi gani wanatumia. Hakuna rangi. Ni selotepu tupu. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mahitaji: laptopu ya skrini ya LCD, selotepu ya kung'aa, kioo cha fremu ya picha, miwani ya jua ya polaraizi (hupitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu).

1. Funika kingo za kioo kwa tepu, zisikate vidole.
2. Fungua ukurasa mweupe, ongeza mwanga wa skrini.
3. Zungusha miwani mbele ya skrini. Isipofika mahali ikawa giza, si ya polaraizi.
4. Bandika selotepu kwenye kioo. Hapa niliharibu. Tulijenga nyumba nzima, kuta wima, bati limelala, tukaisimamisha mbele ya skrini, tukaitazama kwa miwani: hakuna rangi hata moja, na mdogo akalia. Mwanga wa skrini ile ulitikisika wima, na selotepu inayofuata mtikisiko huo, au kuukata kwa nyuzi 90, huupitisha kama ulivyo. Inamisha kioo upande, kama usukani, nyuzi 45 ndipo rangi zije. Pandisha tabaka mbili, tatu, nne. Kila tabaka lina rangi yake. Usibandike kwenye kasha la CD, plastiki yake ina rangi zake zitakazovuruga picha. Na mtoto asitazame jua kwa miwani hii, kamwe.
5. Zungusha miwani nyuzi 90: bluu inageuka njano.

MASWALI

— Mkuu, yangu haitoi rangi.
— Hatua ya 4.
— Nimeinamisha. Natumia ile selotepu ya ukungu.
— Nimeandika ya kung'aa.

— Miwani nyeusi ya kawaida?
— Hatua ya 3.

— Kaka, binti yangu wa miaka 9 anauliza rangi inatoka wapi.
— Mpe hongera, dada. Selotepu huvutwa kiwandani, molekuli zake zikalala upande mmoja. Mwanga ukipita humo hugawanyika mara mbili, sehemu moja ikichelewa. Miwani inapozikutanisha tena, baadhi ya rangi huuana, nyingine hubaki. Mweleze pia kwamba mwaka 1808 mwanafizikia Mfaransa Malus, akiwa Paris, alitazama kupitia kipande cha fuwele jua lililoakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg, na kwa kukizungusha akaona mwanga unafifia na kurudi.

— Mimi nimejaribu rula ya plastiki, imejaa upinde wa mvua!
— Safi sana! Hiyo ni mikazo iliyobaki plastiki ilipopoa. Ikunje kidogo ukiitazama, mistari itahama.