Ndege mkubwa mweupe Ziwa Nakuru: mwari au bata maji?

Mgeni kutoka Finland alinishika mkono ukingoni mwa ziwa akinionyesha kundi jeupe majini. Alidhani ni bata maji wa kwao, yule ambaye Wafini wamemfanya ndege wa taifa. Nilipomwambia ni mwari, uso ulimshuka. Bata maji wake hutaga Iceland, Finland hadi Siberia, na baridi ikizidi huhamia nchi kama Uingereza na Japani. Kwetu hafiki.

Ukitaka kuwatofautisha, anza na walio angani. Mwari hukunja shingo, kichwa kikalala mabegani na domo likatangulia. Bata maji huinyoosha mbele kama bakora. Kisha tazama bawa kwa chini: mwari ana ukanda mweusi nyuma ya bawa, bata maji ni mweupe pe. Mimi naamini bawa kuliko rangi ya domo, maana domo halionekani vizuri kwa mbali.

Walio majini, ngoja waanze kula. Wari hujipanga nusu duara, wakazamisha vichwa kwa pamoja kama watu wanaosujudu. Wakiinuka, mfuko wa njano chini ya domo umejaa. Usiondoe darubini hapo! Mwari huinamisha domo kifuani, maji yakachuruzika, ndipo hulielekeza juu na kumeza. Siku moja nilikuwa karibu kiasi cha kuona mkia wa samaki ukigonga ngozi ya mfuko kwa ndani. Bata maji hana mfuko. Domo lake ni njano lenye ncha nyeusi, naye hula majani na mizizi, mkia juu kichwa chini.

Usihangaike kuwahi alfajiri. Wari wengi hutaga Ziwa Elementaita, nao husubiri jua lipashe ardhi, hewa ya moto iwainue, ndipo waje Nakuru kuvua. Kuanzia saa tatu na nusu, tazama juu upande wa kusini mashariki. Samaki waliowavuta kwanza ni perege wadogo wa Ziwa Magadi, walioletwa na watu miaka ya 1950 na 1960. Wari wakafuata chakula.

Ukifika ukingoni, zima injini, utulie. Kundi zima likiinua shingo na kuanza kukupa mgongo, umesogea mno. Rudi nyuma taratibu.