Kabla Hujamwita Fundi wa Pevingi

Wengi wanaotaka kuweka pevingi, yaani vitofali vya zege vya kupanga chini, kutoka getini hadi barazani huanza na rangi na umbo: nyekundu au kijivu, zigizaga au mstatili. Hayo yachague mwisho. Pevingi iliyotitia baada ya masika moja mara nyingi haina kosa lolote yenyewe. Kilichotitia ni ardhi iliyo chini yake, na hilo huamuliwa kabla kitofali cha kwanza hakijalazwa.

Jiulize kwanza ni gari gani zito kuliko yote litakaloingia humo. Si lako. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina shimo la maji taka, na likijaa linakuja gari la kunyonya. Bomba likikauka linakuja boza, na lita 10,000 za maji peke yake ni tani 10, hapo lori lenyewe hujalihesabu. Kitofali cha unene wa milimita 60 kinalimudu gari dogo bila shida. Kama boza litapita hadi kwenye simtanki, nunua cha milimita 80 na uongeze unene wa tabaka la chini, maana kitofali kinene juu ya kifusi legelege ni pesa iliyotupwa. Ukitaka kubana matumizi, waulize wenye magari hayo mipira yao inafika wapi. Huenda lori likabaki nje ya uzio na mpira tu ndio ukaingia.

Kisha maji. Subiri mvua kubwa, utoke na mwavuli uone yanatokea wapi na yanaishia wapi. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita unatosha, lakini piga hesabu: njia ya mita 10 inataka ncha ya juu iizidi ya chini kwa sentimita 20. Hizo sentimita 20 lazima zipatikane mahali, na hapo ndipo fundi mvivu hupandisha kifusi badala ya kuchimba. Matokeo yake ni geti linalofungukia ndani kukwama, na uso wa pevingi kukaribia sakafu ya nyumba. Uache chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau, la sivyo ukuta utafyonza unyevu na rangi itaanza kubanduka kwa chini. Mwambie fundi atumie mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha maji yaliyo ndani, apime kuanzia kizingiti cha mlango hadi getini na kuchora alama ukutani. Afanye hivyo kabla hamjapatana bei. Anayekataa, au anayesema jicho lake linatosha, muage kwa heshima.

Maji yakishafika getini hayawezi kuachiwa jirani. Kama mbele yako kuna mtaro, unahitaji kivuko chenye karavati, yaani bomba kubwa la kupitisha maji chini yake, na kwa barabara za mitaa wa kuwaona ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini Tanzania. Mtaro uliojazwa kifusi ili gari lipite utayarudisha maji hayo hayo uani kwako.

Udongo nao haufanani. Mchanga wa Kigamboni hupitisha maji vizuri, ila unahitaji kingo imara ili usikimbie pembeni. Udongo mweusi kama wa Kitengela, Kenya, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo huondolewa na kujazwa moramu, udongo wa changarawe unaoshikana ukishindiliwa; haufunikwi. Popote ulipo, udongo wa juu wenye majani na mizizi utoke wote. Moramu imwagwe kwa tabaka la sentimita 15, inyunyiziwe maji, ishindiliwe kwa mashine, ndipo tabaka lingine lifuate. Gogo la kutwangia kwa mikono halitoshi kwa njia ya gari. Juu yake mchanga wa kulalia uwe sentimita 3 au 4 basi. Ukiona fundi anaziba mashimo kwa mchanga huo, msimamishe, kwa sababu hayo mashimo utayaona tena.

Magurudumu yanapokata kona husukuma vitofali pembeni. Kwa hiyo mpango wa mfupa wa samaki, vitofali vikikingamana kwa pembe, ni bora kuliko safu zilizonyooka, na mawe ya ukingo yakae kwenye zege.

Wakati bado pamechimbwa, laza bomba tupu moja au mawili kukatiza njia, kwa ajili ya waya wa taa za geti au maji ya bustani siku zijazo. Mifuniko ya chemba ipandishwe hadi usawa mpya. Wapo wanaoifunika kabisa, halafu choo kikiziba wanafukua uwanja mzima.

Kiwandani gonga vitofali viwili, vitoe mlio mkali, kisha omba kimoja kivunjwe uone kama ndani ni kigumu kama nje. Vya saizi ya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika mita moja ya mraba; ongeza kidogo vya kukatwa. Na bei ya kwa mita ikitajwa, uliza kama imebeba uchimbaji, moramu, kukodi mashine, kingo na usafiri, au ni ya kupanga tu. Lipa kwa hatua, na fungu kubwa la ufundi libaki hadi mashine ipite juu ya vitofali na mchanga mkavu ufagiliwe kwenye nafasi zake.

Vitofali vitakavyobaki usiwaachie mafundi. Bomba likipasuka chini baada ya mwaka, kiwanda kitakuwa na rangi nyingine.