Usimuulize mzee mwaka: namna ya kukusanya habari za ukumbi wa dansi wa mtaani kwenu

Mjomba wangu alikuwa mpiga saksafoni, na ukumbi wake ulikuwa ua wa nyumba yake, Ng'ambo, hapa Tabora. Sakafu ya saruji, mwembe mmoja, mabenchi sita, jukwaa la matofali lililofika magotini. Umeme ukikatika, inawashwa karabai na dansi linaendelea bila vipaza sauti. Wakijaa watu sitini, anayekuja nyuma yao anachezea barabarani. Mimi nilikaa mlangoni kukata tiketi, nina miaka kumi na miwili, ujira wangu soda moja. Ukumbi haukuwa na jina. Watu walisema tu, "Tunaenda uani."

Kiangazi cha mwaka jana nilianza kukusanya habari zake, na nikakosea karibu kila hatua. Kama na ninyi mna ua kama huo, makosa yangu yatawapunguzia safari.

Kwanza, acha kuuliza miaka. Nilimuuliza mpiga tumba wa mjomba dansi la uani lilianza lini, akanijibu 1970. Chai haijapoa, ikawa 1980. Mzee hakuwa akidanganya, ila hakuwahi kuyaweka mambo yale kichwani kwa namba. Muulize kwa matukio: ilikuwa kabla ya Vita vya Kagera, au wanajeshi walikuwa wamesharudi? Mwalimu alikuwa bado Ikulu? Ilikuwa enzi za foleni za sukari na sabuni? Nilipotaja foleni akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kumbe nyuzi za gita nazo zilikuwa adimu, na mpiga besi alifunga waya wa breki ya baiskeli. "Ulikuwa unakata vidole," akasema, "lakini unanguruma vizuri." Swali la mwaka lisingenipa hilo hata siku moja.

Muulize pia alitoka bendi gani na aliondoka kwenda wapi. Wanamuziki wa dansi walihamahama. Mji huu ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na Shem Karenga alipitia Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma kabla ya kuimba Tabora Jazz. Kumbi ndogo ziliishi kwa watu wa njiani: aliyegombana na kiongozi wake, au aliyeshuka kwenye treni ya Kigoma akiwa na gita na bila nauli ya kuendelea. (Kijana akija kukubishia kwamba ile ilikuwa rumba, si jazi, mwache. Bendi zenyewe zilijiita Jazz, zikacheza rumba, na hakuna aliyedai kiingilio chake.)

Sasa jambo ambalo ningelianza nalo kama ningejua: chukua chaki, nenda na wazee wawili mahali penyewe, uwaambie wakuchoree. Usiende na mmoja. Uani kwa mjomba siku hizi kuna banda la kuku, lakini sakafu ya zamani bado ipo. Mpiga tumba akachora jukwaa, akachora mlango, akachora mahali pa dumu la wanzuki, pombe ya asali. Mzee wa pili, aliyekuwa akiuza hiyo wanzuki, akafuta kwa kiatu. Dumu lilikaa chini ya mwembe, akasema, kwa sababu jukwaani lilikuwa karibu mno na mpiga solo, na mpiga solo alikuwa na kiu. Wakabishana nusu saa. Katika ubishi ule nilipata majina ya wachezaji, bei ya kiingilio, nani alimtuza nani, na ndoa mbili zilizoanzia kwenye benchi la nyuma. Wewe nyamaza tu, kinasa sauti kinafanya kazi.

Kuhusu kinasa sauti: simu inatosha. Izuie isipokee simu kabla hujaanza. Mimi nilipigiwa na mteja wa kitenge na dakika arobaini zikakatika. Iweke juu ya kanga iliyokunjwa, maana meza inabeba kila kishindo cha kikombe. Na usiku uleule nakili sehemu tatu. Kadi yangu ya kwanza niliipeleka kwa fundi anisaidie kuhamisha, akaifomati.

Picha za zamani zipige picha kivulini, bila flashi, na pindua upige nyuma pia, maana mhuri wa studio na mwandiko viko huko. Ukizituma WhatsApp, tuma kama dokumenti zisipungue ubora. Kaseti, kabla ya kuicheza popote, vunja vile vijipande viwili vya plastiki ukingoni ili mtu asirekodi juu yake, na usiihifadhi karibu na spika, sumaku inaifuta taratibu. Santuri nzito za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, usizisafishe kwa spiriti. Inaziyeyusha.

Msisahau wake wa wanamuziki. Mkaza mjomba hakuwahi kupiga chombo, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kitu. Nilipomwamkia na kukaa jikoni naye, tukimenya karanga, aliingia ndani akatoka na daftari la madeni. Kila usiku wa dansi umo: nani alikunywa kwa mkopo, nani alilipa kwa kuku, bendi iligawana kiasi gani. Hilo ndilo kumbukumbu kuliko picha zote. Ila baadhi ya wadaiwa leo ni watu wazito msikitini na kanisani, kwa hiyo daftari nimelipiga picha na limebaki kwake. Yeye ndiye atakayesema lionyeshwe nani.

Ukimaliza, rudisha. Nilimpelekea mpiga tumba kaseti ya uani aliyoiacha mjomba, nikamwekea. Alisikiliza amefumba macho, kisha akaniambia nirudishe nyuma kidogo, tena kidogo. Alikuwa anamsubiri mpiga besi, aliyechelewa kuingia kwenye kiitikio.

"Hapo," akasema. "Siku hiyo alikuwa na homa."

Nikachukua kalamu nikaandika.